Kifaransa kwa Mlango wa Kiingereza: Uhakiki wa Mafunzo ya Mwanzo ya Sarufi, Tahajia na Ufahamu, kwa Kumwangalia Mwanafunzi wa Nyanchwa

1. Utangulizi

Katika tamthilia ya Molière iliyochezwa kwa mara ya kwanza mbele ya Mfalme Louis XIV mwaka 1670, ambayo wasomaji wa Kiswahili wanaijua kwa jina la Mchuuzi Muungwana, mna onyesho ambalo yafaa kila mwalimu wa lugha alisome walau mara moja kwa mwaka. Bwana Jourdain, tajiri aliyepania kuhesabiwa miongoni mwa waungwana, amemwajiri mwalimu wa falsafa. Mwalimu anamtandazia elimu alizo nazo: mantiki, maadili, fizikia. Jourdain anazikataa zote, moja baada ya moja. Anachotaka ni tahajia. Basi mwalimu anaanza na irabu tano, akimweleza namna taya zinavyoachana na midomo inavyosogea kwa kila irabu. Jourdain anapigwa na bumbuazi kama mtu aliyefunuliwa siri kubwa. Punde anagundua pia kwamba maisha yake yote amekuwa akisema nathari bila ya kujua.

Watazamaji humcheka Jourdain, na ndivyo Molière alivyokusudia. Hata hivyo kicheko hicho kina makali pande mbili. Mwanafunzi ni mjinga kwa kuwa analipa fedha afundishwe jambo ambalo kinywa chake kinalitenda kila siku. Mwalimu naye ana lake: anafundisha kana kwamba kinywa kilicho mbele yake ni kitupu. Makala haya yanalishughulikia kosa hilo la pili, kwani ndilo linaloendelea kutendwa, bila ya kuchekwa na mtu, katika mafunzo ya mwanzo ya Kifaransa nchini Kenya.

Nyanchwa, mahali penye kilima katika mji wa Kisii, imechaguliwa kuwa mfano kwa sababu mbili. Kwanza, ni mahali penye historia ya darasa. Wamisionari wa Kiadventista, waliokuwa wamefungua kituo chao cha Gendia karibu na Ziwa Viktoria mwaka 1906, walifika Nyanchwa katika miaka ya 1910, na tangu wakati huo jina la Nyanchwa limeandamana na shule na mafunzo ya ualimu. Pili, mtoto wa Nyanchwa ni mfano mwema wa mwanafunzi wa Kenya. Nyumbani anasema Ekegusii; sokoni, barabarani na shuleni anakutana na Kiswahili; vitabu vya masomo mengi anavisoma kwa Kiingereza. Akianza Kifaransa, kwake hiyo si lugha ya pili, bali ni ya nne. Swali la makala haya ni hili: kati ya lugha tatu anazokuja nazo, ni ipi inayopewa nafasi ya kumfungulia mlango wa ile ya nne, na je, ndiyo inayofaa?

Jambo hili si la anasa. Rwanda na Burundi zilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ikafuata mwaka 2022. Mwaka 2021 wakuu wa nchi za jumuiya walikubali Kifaransa na Kiswahili ziingie katika lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Ni kweli kwamba Rwanda iliamua mwaka 2008 kuondoka katika Kifaransa na kufundisha kwa Kiingereza. Lakini Burundi na Kongo bado zinaandika barua zao za serikali kwa Kifaransa. Mkenya asiyekijua atakuwa nusu bubu mbele ya majirani zake.

2. Nadharia na mazoea

Tangu Robert Lado alipochapisha kazi yake ya isimu-linganishi mwaka 1957, walimu wa lugha za kigeni wameambiwa walinganishe lugha ya mwanafunzi na ile anayojifunza, ili watabiri mahali atakapojikwaa na mahali atakapopita kwa urahisi. Baadaye Corder, mwaka 1967, alionyesha kwamba makosa ya mwanafunzi si uchafu wa kufagiliwa bali ni ushahidi wa kanuni anazojijengea. Na mwaka 1972 Selinker akaipa jina lugha hiyo ya katikati ambayo mwanafunzi huijenga kati ya lugha yake na lugha lengwa. Wataalamu hao hawapatani katika kila jambo. Wanapatana, hata hivyo, kwamba mwanafunzi haingii darasani mikono mitupu.

Sasa yatazamwe mazoea. Somo la kwanza la Kifaransa katika darasa la Kenya huelezwa kwa Kiingereza. Orodha za msamiati zina safu mbili, Kifaransa na Kiingereza. Kanuni ya sarufi hutolewa kwa kuonyesha jinsi Kifaransa kinavyotofautiana na Kiingereza, na pale zinapotofautiana Kifaransa huitwa kigumu. Kwa hakika huo ni ulinganishi, lakini umemlinganishia mtu asiyekuwapo darasani: mtoto wa Uingereza. Kwa mtoto wa Nyanchwa, Kiingereza chenyewe ni lugha aliyofundishwa, na aghalabu ndiyo anayoijua kidogo kuliko zote tatu. Kumfundisha Kifaransa kwa njia hiyo pekee ni kumpeleka kisimani kwa kumzungusha mlima, hali kijia cha mkato kinapita uani kwao.

Makala haya hayadai kwamba Kiingereza hakifai kitu. Maneno mengi ya Kifaransa na Kiingereza ni ndugu, na katika msamiati wa maandishi faida hiyo ni kubwa. Dai ni kwamba katika mambo matatu ambayo ndiyo nguzo za hatua ya kwanza, yaani tahajia, sarufi na ufahamu wa kusoma, Kiswahili na Ekegusii vina msaada ambao Kiingereza hakina, na msaada huo unaachwa ukipotea.

3. Sauti na tahajia

Mwalimu wa Jourdain alihesabu irabu tano kwa kuwa alihesabu herufi. Kifaransa chenyewe kina irabu nyingi zaidi ya hizo, mdomoni na puani. Jambo kama hilo liko Nyanchwa. Ekegusii kina irabu saba, kwa kuwa kinatofautisha e iliyobana na e iliyopanuka, na vivyo hivyo o iliyobana na o iliyopanuka. Lakini maandishi yake ya kawaida yanatumia herufi tano tu za irabu. Kwa hiyo mtoto wa Mgusii ana tofauti mbili kamili sikioni mwake ambazo hajawahi kuziona kwenye karatasi.

Kifaransa huziandika baadhi ya tofauti hizo. Alama inayoegemea kulia, katika neno kama "été", huonyesha e iliyobana. Ile inayoegemea kushoto, katika "mère", huonyesha e iliyopanuka. Mwalimu anayepitia Kiingereza huzifundisha alama hizi kama mapambo ya kukariri. Mwalimu anayepitia Kiswahili pekee naye hatapata msaada, kwa kuwa Kiswahili kina e moja tu. Ni Ekegusii kinachotoa msaada hapa. Mwanafunzi angeambiwa: sauti hizi mbili unazo, wewe huzichanganyi unapozungumza na nyanya yako, Wafaransa wameamua kuziwekea alama, basi. Huyu ni Jourdain aliyegeuzwa: alikuwa akisema irabu za Kifaransa siku zote bila ya kujua, tofauti ni kwamba safari hii hakuna sababu ya kumcheka.

Kwa konsonanti mambo hugeuka. Ekegusii hakitenganishi l na r kuwa sauti mbili zenye kubadili maana. Mwanafunzi anayesoma kwa sikio la Ekegusii peke yake anaweza kuchanganya "lire" na "rire", yaani kusoma na kucheka, na darasa zima likapata sababu ya kufanya hilo la pili. Hapa Kiswahili ndicho mwokozi, kwa kuwa tayari kimemzoeza kutenga mahali na mahari. Kuna pia sauti ambazo hazina mlezi katika lugha zake zote tatu: irabu ya "lune", na irabu za king'ong'o katika "bon" au "vin". Hizo ni ngeni kwa kweli, na ndizo zinazostahili muda mrefu wa mazoezi. Faida ya kwanza ya ulinganishi wa haki ni kwamba unamwonyesha mwalimu mahali pa kuokoa muda na mahali pa kuutumia.

Tukija kwenye maandishi yenyewe, tatizo ni la aina nyingine. Mtoto aliyejifunza kusoma kwa Kiswahili amejifunza kuziamini herufi. Tahajia ya Kiswahili sanifu, iliyosimamiwa na Kamati ya Lugha iliyoanza kazi mwaka 1930, ina kasoro zake za kihistoria: kamati yenyewe ilianza bila ya mjumbe Mwafrika, na hati ya Kiarabu iliyokuwa imebeba utenzi na barua kwa karne kadhaa iliwekwa kando. Lakini kwa msomaji mchanga ina uadilifu mkubwa, kwani kinachoandikwa ndicho kinachosemwa. Kiingereza humvunja imani hiyo. Anapofika kwenye Kifaransa huwa amekwisha kata shauri kwamba tahajia za Kizungu hazina kanuni, na mwalimu, kwa kuvilinganisha Kifaransa na Kiingereza, humthibitishia dhana hiyo.

Dhana hiyo si sahihi. Kutoka kwenye herufi kwenda kwenye sauti, Kifaransa kina nidhamu inayoshinda ile ya Kiingereza kwa mbali. Anayejua kwamba "eau" husomwa o, na kwamba "ou" husomwa u ya Kiswahili, atasoma maneno mengi asiyopata kuyaona. Ugumu upo njia ya kurudi, kutoka sauti kwenda herufi, kwa kuwa sauti moja ina maandiko mengi. Ndiyo maana imla huwatisha wanafunzi zaidi ya kusoma kwa sauti. Mwalimu asiyezitenganisha njia hizi mbili humfanya mwanafunzi aogope zote.

Baadhi ya ugumu huo ni makusudi ya wanadamu. Herufi p ya "temps" na g ya "doigt" hazisikiki. Zimewekwa zikumbushe asili ya Kilatini. Mwaka 1673, Mézeray alipoandaa maoni ya Akademia ya Ufaransa kuhusu tahajia, Akademia ilikiri waziwazi kwamba inapendelea maandishi ya zamani kwa kuwa yanawatenga wasomi na wajinga na wanawake. Ni vyema mwanafunzi aambiwe hivyo. Atajua kwamba anapokosea herufi isiyotamkwa hajakosa akili. Amegonga ukuta uliojengwa ili watu wagonge.

Hata hivyo hata ukuta una nyufa za kupenyea. Kofia iliyo juu ya o katika "hôpital" imesimama mahali pa s iliyopotea. Mwanafunzi anayesema hospitali anayo s hiyo. Neno "école" nalo limepoteza s iliyobaki katika skuli ya Zanzibar. Na neno divai, ambalo Kiswahili kimelipata kutoka "du vin", limemeza kiambatisho cha Kifaransa pamoja na jina lake, sawasawa na lopitalo ya Kilingala iliyomeza l ya "l'hôpital". Mifano ya namna hii humwonyesha mwanafunzi kwamba lugha zake zimekwisha kukutana na Kifaransa kabla yake.

4. Sarufi

Katika sarufi ndiko hasara inakokuwa kubwa zaidi. Yachukuliwe mambo manne ya mwaka wa kwanza.

La kwanza ni viwakilishi vya mtendwa. Mwanafunzi hufundishwa kwamba "Je te vois" ni kinyume cha utaratibu, kwa kuwa Kiingereza huweka mtendwa baada ya kitenzi. Kwa hiyo anaandika "Je vois te", na kalamu nyekundu inapita. Lau angeambiwa aandike chini yake Ninakuona, angeona kwamba -ku- imekaa palepale ilipokaa "te", yaani kati ya mtenda na mzizi wa kitenzi. Utaratibu unaoitwa kinyume ndio utaratibu wake wa kila siku. Kiswahili kina nafasi moja tu ya kiambishi hicho, ilhali Kifaransa huruhusu viwili katika "Je le lui donne". Mwalimu atalieleza hilo kama nyongeza juu ya msingi uliopo.

La pili ni upatanisho. Jinsia za Kifaransa huwatisha wanafunzi wanaofikiri kwa Kiingereza, kwa sababu Kiingereza hakina cha kulinganisha. Mwanafunzi wa Nyanchwa amekulia ndani ya upatanisho. Anajua kwamba jina hutawala sentensi: omonto huzaa abanto, kiti huzaa viti, na kila neno linalolifuata jina hutii. Kutoka ngeli nyingi kuja jinsia mbili ni kupunguziwa mzigo. Atalalamika kwamba "table" haionyeshi jinsia yake usoni. Ni kweli, lakini meza na kalamu nazo hazionyeshi ngeli yao usoni. Mtu huijua kwa kusikia meza yangu, kama Mfaransa anavyoijua kwa kusikia "ma table". Tofauti ya kuangaliwa ni moja: Kiswahili hupatanisha kiumbe kwa uhai wake, na ndiyo maana husemwa kipofu amekuja, wala si kipofu kimekuja, Kifaransa hushikilia jinsia ya neno, na "la victime" hubaki ya kike hata aliyeumia akiwa mwanamume mwenye ndevu.

Upatanisho huohuo ndio ufunguo wa imla. Katika "Les petites filles chantaient" wingi umeandikwa mara nne lakini unasikika mara moja tu, katika "les". Mwanafunzi anayengoja sikio limwambie ataacha herufi tatu za mwisho. Anayejua kwamba sentensi hiyo ni Wasichana wadogo walikuwa wakiimba atauliza swali sahihi: wa- ya kila neno iko wapi? Atakuta kila moja imeandikwa, ila imenyamaza. Hata ule upatanisho unaowatoa jasho watoto wa Ufaransa wenyewe, wa "les lettres que j'ai lues", una ndugu yake katika barua nilizozisoma, ambapo -zo- na -zi- hurudi nyuma kulitii jina lililotangulia.

La tatu ni ukanushi na hali tegemezi. "Il ne lit pas" hukikumbatia kitenzi kwa pande mbili; hasomi nayo hukikumbatia kwa ha- mbele na -i nyuma. "Il faut qu'il parte" hudai umbo maalumu la kitenzi baada ya tamko la lazima. Ni lazima aondoke hudai vivyo hivyo, na -e yake ya mwisho ni ishara ambayo mtoto haikosei hata akiwa amesinzia. Kiingereza cha kawaida husema jambo hilo bila ya kugeuza umbo la kitenzi, na kwa hiyo mwalimu anayepita huko hulazimika kuijenga dhana upya kutoka chini. Ulinganishi huu una mipaka. Nyakati nyingine za Kiswahili hazikanushwi kwa -i, kama katika hakusoma. Na baada ya "avant que" Kifaransa hutumia hali tegemezi pale Kiswahili kinaposema kabla hajaondoka. Mipaka hiyo ionyeshwe wazi. Mwanafunzi aliyeonyeshwa mpaka haupotei.

La nne, na pengine la maana kuliko yote, ni vimilikishi. Kiingereza humfundisha mtoto kwamba kimilikishi hufuata jinsia ya mwenye mali. Anapokutana na "son" na "sa" huzipachika humo, na kila "sa mère" akaifanya mama wa msichana. Lakini Kifaransa hupatanisha kimilikishi na kitu kinachomilikiwa, wala hakimtazami mwenyewe. Hivyo ndivyo kinavyofanya Kiswahili: kitabu chake, mama yake, na -ake haisemi kama mwenyewe ni Moraa au Nyakundi. Hapa mlango wa Kiingereza haukuchelewesha safari tu, bali umempeleka mwanafunzi nyumba isiyo yake.

5. Ufahamu wa kusoma

Mtihani wa Kifaransa wa kidato cha nne hupima usikilizaji, imla, utungaji, ufahamu wa kusoma, sarufi na mazungumzo. Katika sehemu ya ufahamu kuna ujanja ambao kila mwalimu anaujua. Mwanafunzi hutafuta katika kifungu neno lililomo katika swali, kisha hunakili sentensi nzima iliyolizunguka. Mara nyingi anapata alama, naye hakuelewa kitu. Ufahamu wa namna hiyo ni uwindaji wa herufi.

Kuutafsiri kifungu kwa Kiingereza hakuondoi ujanja huo. Sentensi "Il l'a prise" ikitafsiriwa kwa Kiingereza, kitu kilichochukuliwa hujificha nyuma ya kiwakilishi kimoja kisicho na rangi, na mwanafunzi hujificha nacho. Akitakiwa kuitafsiri kwa Kiswahili hana pa kujificha. Ameichukua, amekichukua, ameuchukua, amelichukua au amemchukua? Hawezi kuandika kiambishi kabla hajarudi nyuma katika kifungu akatafuta "l'" inasimama badala ya nini: kalamu, nguo, barua, au mtu. Kiambishi cha Kiswahili kinamlazimisha aelewe kwanza. Ni vigumu kupata kipimo cha ufahamu kilicho rahisi na chenye ukali kama hiki, nacho hakihitaji mashine wala fedha. Kinachohitajika ni mwalimu kuruhusu Kiswahili kiingie katika daftari la Kifaransa.

Liko pia suala la vifungu vyenyewe. Kifungu cha mwanzo kinachomzungusha msomaji kwenye treni za chini ya ardhi za Paris na maduka ya mikate humtwisha mizigo miwili kwa wakati mmoja, lugha asiyoijua na maisha asiyoyajua. Afrika ina fasihi pana iliyoandikwa kwa Kifaransa, na sehemu yake imekwisha kuingia katika Kiswahili. Hawala ya Fedha ya Amandina Lihamba, iliyotoka mwaka 1980, ni tamthilia iliyojengwa juu ya kisa cha Sembène Ousmane kiitwacho "Le Mandat". Mwanafunzi aliyekwisha kukijua kisa kwa Kiswahili anaweza kupewa kurasa chache zilizorahisishwa za Kifaransa akazisoma akijua anakokwenda.

Na kisa hicho kinahusu jambo lilelile linalojadiliwa hapa. Ibrahima Dieng wa Dakar analetewa hawala na mpwa wake aliyeko Paris. Hawezi kuisoma. Ili aichukue fedha anadaiwa kitambulisho; ili apate kitambulisho anadaiwa karatasi nyingine; na kila karatasi iko mikononi mwa mtu anayejua Kifaransa kuliko yeye. Mwishowe fedha zinaliwa na jamaa mwenye suti na elimu. Dieng si mjinga. Ni mtu mzima mwenye familia, dini na heshima mtaani kwake. Amenyimwa ufunguo, basi.

6. Pingamizi

Hapana budi kuzijibu pingamizi mbili. Ya kwanza itatoka kwa wafuasi wa mbinu ya moja kwa moja, wanaoshikilia kwamba Kifaransa kifundishwe kwa Kifaransa bila ya lugha nyingine kuingilia. Mbinu hiyo ina heshima yake katika mazungumzo. Lakini katika darasa lenye vipindi vichache kwa juma, ambamo Kifaransa hakisikiki tena baada ya kengele, ukimya wa mwalimu hauzuii ulinganishi. Unaacha tu mwanafunzi aufanye peke yake, kimya kimya na vibaya.

Pingamizi ya pili ni nzito zaidi. Darasa la Nyanchwa halina Wagusii watupu, na mwalimu wa Kifaransa huenda hajui Ekegusii. Ni kweli, na ndiyo maana Kiswahili kimepewa mzigo mkubwa katika makala haya. Ni lugha ya taifa, na Katiba ya mwaka 2010 imeifanya lugha rasmi. Imekuwa somo la lazima la kutahiniwa tangu mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985. Hakuna mwalimu wa Kenya awezaye kusema haijui. Kuhusu Ekegusii, mwalimu asiyekijua anaweza kuuliza. Wanafunzi watamwonyesha e zao mbili kwa furaha, na kwa dakika chache wao ndio watakaokuwa walimu.

Yumkini kizuizi cha kweli si mbinu wala idadi ya lugha darasani, bali ni aibu. Ngũgĩ wa Thiong'o ameeleza katika kitabu chake cha mwaka 1986 jinsi watoto wa shule walivyoadhibiwa na kuvishwa kibao shingoni kwa kusema lugha ya mama. Mtu aliyefundishwa hivyo kwamba lugha ya nyumbani ni kosa hataitumia kama chombo cha elimu atakapokuwa mwalimu. Ataiacha mlangoni pamoja na viatu vyenye tope, kisha atalalamika kwamba wanafunzi wake hawana msingi.

7. Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba mafunzo ya mwanzo ya Kifaransa nchini Kenya yamejengwa juu ya ulinganishi usiomfaa mwanafunzi aliyepo. Katika irabu, Ekegusii kinampa tofauti ambazo Kifaransa huziwekea alama. Katika viwakilishi, upatanisho, ukanushi, hali tegemezi na vimilikishi, Kiswahili kimesimama karibu na Kifaransa kuliko Kiingereza kinavyosimama. Katika ufahamu, kiambishi kimoja cha Kiswahili hufichua kama msomaji ameelewa au amenakili. Kinachotakiwa si kuongeza somo jipya. Vyuo vya ualimu vingeanza kwa jambo dogo: kila kanuni ya sarufi ya Kifaransa ya mwaka wa kwanza iwekewe sentensi ya Kiswahili chini yake, na mwalimu wa Kifaransa akae meza moja na mwalimu wa Kiswahili, ambaye kwa kawaida yuko chumba cha pili akifundisha upatanisho uleule.

Jourdain na Dieng wote wawili wamesimama mbele ya herufi za Kifaransa. Wa kwanza ana mali, na ujinga wake unamgharimu kicheko. Wa pili ni maskini, na unamgharimu mchele wa watoto wake. Mtoto wa Nyanchwa hana mali ya Jourdain. Kama elimu ya Kifaransa itaendelea kumwambia kwamba kinywa chake ni kitupu, upo uwezekano mkubwa kwamba siku moja, kwenye dirisha la ofisi fulani ya Bujumbura au Goma, atasimama mahali pa Dieng, ameshika karatasi, akimtafuta mtu wa kumsomea.